Mwanya wa Msimu wa Korosho

6 Oktoba

Daktari ameniagiza niandike kila siku: nimezungusha au sijazungusha, naumwa wapi, nimelalaje. Mimi si mtu wa kuandika. Mara ya mwisho kushika kalamu kwa hiari yangu nilimwandikia Hajira barua ya uchumba, naye akanijibu kwa mdomo kwamba mwandiko wangu unamtia kizunguzungu. Lakini Daktari Oliva ni mama mfupi asiyecheka, na jambo hulisema mara moja tu. Huja Mtwara mara moja kwa mwezi kutoka Dar es Salaam. Juzi ndiye aliyenifunga hiki chuma.

Kiko juu, kwenye kaakaa. Anasema kaakaa langu ni jembamba, ulimi hauna pa kukaa na pua haina njia, ndiyo maana usiku nakoroma, kisha nanyamaza, kisha nashtuka kama mtu aliyezama mtoni. Pale ninaponyamaza, sipumui. Mchana nasinzia popote. Mwezi wa tatu nilisinzia juu ya pikipiki nikavunjika mtulinga.

Chuma kimeshikiliwa na skrubu nne zilizoingia mfupani, na katikati kuna kigurudumu chenye matundu. Kila jioni mtu anaingiza ufunguo mwembamba kwenye tundu na kuusukuma nyuma, na mfupa unatanuliwa kidogo. Kwa mtoto ni kazi rahisi. Kwa mtu wa miaka thelathini na sita, mfupa unaweza kukataa. "Tutajua kwa mwanya," alisema. "Ukitokea kati ya meno yako mawili ya mbele, mfupa umeachia. Nikirudi tarehe saba Novemba bila mwanya, nakitoa, na baada ya hapo ni kupasuliwa." Na nisiruke siku, maana mfupa ulioanza kusogea hurudi ukashikana.

Kupasuliwa sitaki. Nimemwona mtu mmoja aliyepasuliwa taya, na sitaki.

7 Oktoba

Hajira amezungusha. Alinilaza kichwa mapajani mwake, tochi ya simu ameibana kwapani. "Fungua. Usiongee. Kwanza leo nimepata mahali pa kukunyamazisha." Nilihisi mkandamizo hadi chini ya macho, kisha ukapoa. Kibibi, binti yetu, alitaka kuona, akaona, akakimbia.

8 Oktoba

Nimezungusha. Uji.

9 Oktoba

Nimezungusha. Uji. Ulimi una vidonda.

11 Oktoba

Leo nimeanza ugali wa muhogo kwa mchuzi wa mbaazi. Nusu umebaki juu ya chuma, nikautoa kwa maji na kijiti nyuma ya nyumba. Mkwe wangu alikuwa anawamwagia kuku pumba. Akawaambia: "Bibi zenu walichongwa meno kwa patasi wakanyamaza. Siku hizi chuma kidogo tu, mtu anatapatapa uani."

Nieleze, maana Daktari akisoma hataelewa. Tunaishi kwa mama yake Hajira huku Newala, kwa kuwa huku mwanamume humfuata mke. Mimi ni wa Masasi, mama yangu yuko Mkomaindo. Mkwe hatazamwi usoni. Simwiti kwa jina, na hata humu sitaliandika. Namwamkia nikiwa nimechuchumaa, macho chini: "Shikamoo, mama." Anaitika "Marahaba" akiwa ameshapita. Akiwa na neno kwangu, anawaambia kuku nami nasikia. Miaka saba tumekaa hivi kwa amani. Nyumba ni moja, ukuta unaishia chini ya bati, na kila kikohozi kinapita juu yake.

14 Oktoba

Korosho zimeanza kudondoka sawasawa. Tumeokota tangu asubuhi, tukatenga korosho na mabibo, matunda yake. Nilijisahau nikanyonya bibo moja. Nyuzi zake zilijisokota kwenye skrubu hadi Hajira akazitoa kwa sindano ya kushonea. Alicheka mpaka akakaa chini. Nimezungusha.

16 Oktoba

Nimezungusha. Naumwa puani, katikati. Meno ya mbele yamekutana kama zamani. Nimeyapitishia uzi, haupiti.

17 Oktoba

Kwenye ghala la chama cha ushirika tulipanga foleni ya kupima hadi jua likawa la utosi. Nurdin, rafiki yangu tangu utoto ambaye naye kaoa huku, aliniuliza kwa nini naongea kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani. Nikamweleza chuma, ufunguo, Daktari, na kwamba tunasubiri mwanya.

"Mwanya?" akasema. "Umelipia mwanya?"

"Silipii mwanya. Mwanya ni dalili."

"Dalili ya msimu," akasema, na foleni nzima ikacheka.

Huku kila mtu anajua mambo ya msimu. Korosho zikipimwa, wanaume wanaota mbawa: huyu shati jipya, yule mke wa pili. Na mwanya ndio urembo wenyewe, watu huzaliwa nao na kuimbiwa. Nilicheka pamoja nao. Kwa chuma hiki kicheko changu kinatoka na mate, kwa hiyo hakikuwa kicheko cha heshima.

19 Oktoba

Nimezungusha. Hajira hakusema kitu.

20 Oktoba

Nimezungusha. Mkwe kwa kuku: "Huyu jogoo tangu korosho zianze kudondoka anajichana manyoya. Anataka kwenda wapi?" Jogoo mwenyewe hana hata mkia.

22 Oktoba

Sijazungusha. Naandika kwa hasira, na mwandiko umezidi kuharibika.

Jioni nililaza kichwa kama kawaida. Hajira akawasha tochi, akanitazama meno muda mrefu bila kuingiza ufunguo.

"Mwanya umefika wapi?" akauliza.

Nikadhani anauliza ya Daktari. "Bado. Naomba Mungu utoke kabla ya tarehe saba."

"Una haraka nao."

"Sana."

Akazima tochi. Akakitoa kichwa changu mapajani, akauweka ufunguo kwenye kiganja changu na kunifunga vidole mmoja mmoja. "Basi mpelekee huyo anayeusubiri, akuzungushie yeye."

Nikacheka. Hilo ndilo kosa langu la leo, nilicheka kwa sababu sikuelewa. Akaanza kuongea, na kila neno lilikuwa limeshapangwa. Zuhra, jirani yetu anayeshona sare, amemwambia bombani kwamba nimelipia mwanya Mtwara. Nurdin amelisema mbele ya foleni na mimi sikukana, nilicheka. Na yupo mwanamke Mkomaindo, maana kila wiki mbili naonekana nashuka Masasi nimevaa vizuri.

"Mkomaindo nakwenda kwa mama yangu."

"Kwa mama yako unapiga pasi mpaka soksi?"

Nilitaka kusema kwamba mama yangu ndiye aliyenifundisha kupiga pasi soksi, lakini maneno yalirundikana juu ya chuma yakatoka uji. Maneno ya mtu mwenye chuma kinywani hayana uzito wowote. Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.

Akamfunga Kibibi viatu, akaita bodaboda. Amekwenda Chiwata kwa mjomba wake, Mzee Awadhi, kaka wa mama yake, ambaye katika ukoo huu neno lake ndilo la mwisho.

23 Oktoba

Nimejaribu mwenyewe kwa kioo cha kunyolea. Katika kioo nyuma ni mbele na mbele ni nyuma. Nimejichoma kaakaa, damu imetoka. Sijazungusha.

Mzee Awadhi kapiga simu. Sauti yake ya pole kabisa, na hiyo ndiyo inayotisha. "Baba Kibibi, siwezi kuhukumu kwa simu. Nitakuja tukae kikao, tarehe tisa Novemba. Tutautazama huo mwanya, kama upo."

Tarehe saba Daktari atautafuta mwanya asipouona anipeleke kwa kisu. Tarehe tisa Mzee Awadhi atautafuta akiuona anichukulie mke. Kitu kile kile ninachokiomba ili niishi ndicho kitakachonishtaki. Nimekaa nacho jioni nzima, na sioni upande wa kutokea.

24 Oktoba

Sijazungusha. Nurdin alikuja kuomba radhi, akajitolea kunizungushia. Mikono yake inatetemeka tangu aanze kunywa uraka, pombe ya mabibo. Ufunguo ulimponyoka ukaenda kooni, nikaukohoa. Nimemwambia aende nyumbani.

Niliwaza pia kuacha tu. Nikiacha, mwanya hautatoka, na kikaoni nitafungua mdomo wangu safi kabisa. Mke atarudi. Nitakoroma na kunyamaza kama zamani, mpaka siku moja ninyamaze moja kwa moja. Niliwaza hivyo kweli, na nikaogopa jinsi lilivyoonekana wazo zuri.

25 Oktoba

Nimezungushwa.

Nilikuwa nyuma ya nyumba na kioo, natema damu. Kuku walikuwa wamekwisha kuingia bandani, lakini mkwe wangu aliongea nao hivyo hivyo. "Kuku, mwambieni aulete huo ufunguo."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Kuku, mwambieni siku tatu zimerukwa. Binti yangu aliwahi kuniambia ukiruka, mfupa unarudi nyuma."

"Mama, haiwezekani," nikasema, macho yangu ardhini. Sijawahi hata kupiga mwayo mbele yake. Kumfungulia mkwe kinywa, kimejaa mate na damu, ni afadhali nivue shati sokoni.

Kisha kanga ikatua begani kwangu, imekunjwa. "Jifunge macho. Wewe hutaniona. Nami sitakuona, nitaona chuma. Kinywa si uso."

Nilikaa kwenye kigoda, kanga machoni, kichwa nimekirudisha nyuma. Alisimama nyuma yangu, simu yangu ikimulika. Mkwe wangu hubangua korosho nyumbani, na vidole vyake vina makovu meusi ya mafuta ya ganda. Vilikuwa na ladha ya jivu. Alipapasa, akapata tundu, akasukuma. Hakunichoma hata kidogo. Akaosha mkono, akaenda zake, nami nilibaki na kanga machoni bila kujua niivue lini.

26 Oktoba

Kanga. Kigoda. Nimezungushwa. Hakuna aliyesema neno.

27 Oktoba

Hivyo hivyo. Maumivu yamerudi katikati ya pua. Nashukuru maumivu, maana yake kitu kinasogea.

28 Oktoba

Leo aliongea. Labda kwa kuwa kanga ilikuwa machoni kwangu, au kwa kuwa kuku walikwisha lala.

Alikuwa ameshaingiza kidole, anatafuta tundu. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia aende."

Nilikauka.

"Zuhra alianzia kwangu, kabla ya kumpata Hajira bombani. Mimi nikampelekea binti yangu. Nikamwambia mwanamume akianza kujirekebisha meno msimu wa korosho, usingoje kuletewa mwenzio mlangoni. Nenda kwa mjomba'ko."

Kidole chake kilikuwa kati ya meno yangu. Nasema kweli, maana hii ni shajara yangu: niliyahisi meno yangu. Huyu ndiye aliyenitolea mke na mtoto ndani ya nyumba, kisha akaja na kanga. Taya lilinikaza mpaka chuma kikauma. Naye alilihisi, maana kidole kilisimama. Hakukitoa.

"Uma," akasema. "Ukishamaliza nizungushe."

Sikuuma. Nilifungua zaidi. Machozi yalilowesha kanga, na yalikuwa ya hasira, si mengine. Alizungusha. Kisha, bado nyuma yangu, akasema tena, polepole, kama anayetafuta Kiswahili katikati ya Kimakonde chake.

"Baba yake Hajira alikuwa na koromeo kama lako. Anakoroma, ananyamaza, anarudi. Nilizoea nikalala. Asubuhi moja alikuwa hakurudi. Tangu umekuja kuishi hapa, mimi nasikiliza. Ukinyamaza, nagonga ukuta."

Miaka saba nimedhani ni panya.

29 Oktoba

Nimezungushwa. Mimi bado nina hasira. Naye ananisubiri niimalize, haulizi.

31 Oktoba

Mvua ya kwanza, mapema. Tulikimbia wote wawili kuanua korosho zilizokuwa zinakauka, kila mmoja akishika ncha ya turubai, macho tumetupa pembeni. Tumeokoa karibu zote. Baadaye, kanga. Nilimuuliza gizani mwa kanga, "Mama, mbona hukunigongea mlango ukaniambia?" Akajibu, "Ningekuitaje?" Hata mimi simwiti.

2 Novemba

Nimezungushwa. Uzi haupiti. Siku zinaisha.

3 Novemba

Uzi haupiti. Sikulala. Nilisikia ukuta ukigongwa mara mbili.

4 Novemba

Jioni hii nilisikia kitu. Si maumivu, ni mlio mdogo ndani ya kichwa, kama ganda linaloachia. Pua ikaingia ubaridi. Mkwe wangu alikuwa ameshaushika ufunguo, akaacha kusukuma.

"Nini, mama?" nikasema na kidole chake kinywani.

Alimulika tena. Nikaogopa amevunja kitu. "Umetoka," akasema. "Mwanya umetoka. Unapitisha punje ya mchele."

Nilivua kanga bila kufikiri. Nikamwona. Mara moja tu, kwa mwanga wa simu: uso mwembamba kuliko nilivyodhani, macho ya Hajira yaliyozeeka. Wote wawili tukageuka upesi. Sikuomba radhi, hapakuwa na namna ya kuiomba.

Nimefurahi kwa muda wa kunawa uso tu. Kisha nikaikumbuka tarehe tisa.

7 Novemba

Mtwara. Daktari Oliva alipima, akapiga picha, akacheka. Ana meno madogo sana. Amesema tuzungushe siku chache zaidi kisha kikae hivyo hivyo miezi, na mwanya utafungwa pole pole kwa waya. Nilimwomba aniandikie kwamba mwanya si urembo. Akasema hajawahi kuombwa cheti cha namna hiyo, na kwamba mke wangu anakaribishwa aje aone picha. Nilirudi bila karatasi.

9 Novemba

Mzee Awadhi alikalia kiti pekee chenye egemeo. Hajira alikaa mkekani, Kibibi amemlalia, hakunitazama. Nurdin alikuja kusema alichosema foleni, akakisema vibaya zaidi. Mkwe wangu, kwa kuwa mimi nilikuwa barazani, alibaki ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Fungua mdomo," Mzee Awadhi akasema.

Nikafungua. Umetanuka sasa, mwanya wa kuimbiwa kabisa. Hajira aliuona akainamisha kichwa.

"Huo hapo," Mzee Awadhi akasema kwa upole wake ule ule. "Hamna haja ya maneno mengi. Baba Kibibi, ulipoachwa hapa ulikuwa huna. Mke wako aliondoka, ufunguo hakuushika tena. Na mtu hawezi kujizungushia mwenyewe, hilo Hajira ametueleza. Sasa tuambie ni nani amekufungulia."

Nilinyamaza. Nimepanga maneno siku kumi na saba na nilikuwa nayo yote. Lakini kulijibu swali lile ni kumvua nguo mkwe wangu mbele ya kaka yake. Mwanamke aliyetia mkono kinywani mwa mume wa binti yake: watalibeba hilo hadi kaburini kwake. Nilimtazama Hajira, nikaona jinsi kimya changu kilivyomwingia kama kukiri. Bado nikanyamaza. Mzee Awadhi akavuta pumzi ya mtu anayetaka kufunga shauri.

"Kaka," pazia likasema.

Mzee Awadhi akageuka.

"Mwanya huo nimeufungua mimi."

Nurdin alitazama miguu yake.

"Kwa mkono wangu huu," akaendelea. "Kila jioni. Alijifunga macho kwa kanga yangu, ile ya kahawia, Hajira anaijua. Nilimfungulia ili apumue. Sitaki kumzika mwingine kwa sababu ya koo. Kama kuna aibu, kaka, iandikeni kwangu, nami nitakaa nayo. Lakini mwanamke wa Mkomaindo ni mama yake mzazi, na anayesema vingine aje kuniambia mimi."

Mzee Awadhi aliweka mikono magotini. Kisha akasema kwamba jua ni kali na anaomba maji. Huyo ndiye Mzee Awadhi: akiomba maji, shauri limekwisha, na hukumu yake ndiyo hiyo.

Jioni Hajira alikaa, akanyoosha miguu, akapiga paja lake mara moja. Nikalaza kichwa. "Fungua," akasema, na hakuongeza "usiongee."

10 Novemba

Nimezungusha. Tumeongea hadi mafuta ya taa yakaisha. Sitaandika tuliyoongea, Daktari hayamhusu.

16 Novemba

Tumeacha kuzungusha. Sasa ni kungoja mfupa ukae.

21 Novemba

Tumepeleka gunia la mwisho ghalani. Foleni nzima ilitaka kuuona mwanya. Nimewaambia utazibwa, wamesikitika kana kwamba ni wao. Sijasinzia njiani, kwenda wala kurudi, na usiku ukuta haugongwi tena.

27 Novemba

Mvua sasa ni mvua kweli. Asubuhi nilichuchumaa mlangoni kama siku zote, macho chini. "Shikamoo, mama." Hapakuwa na jibu. Nilirudia. Nikaogopa, maana huyu huamka kabla ya adhana, miaka yote, na jua lilikuwa limeshapanda. Hajira alikuwa ameshaacha ungo na kuanza kukimbia.

Mlango ukafunguka. Alitoka na kanga ya kahawia kichwani, uso umevimba usingizi, akapita bila kunitazama hadi bandani. Akawafungulia kuku.

"Kuku," akawaambia, "mwambieni alfajiri imenipita. Nimelala."